Matuta ya Barabarani: Ni Nani Apasaye Kuyaweka?

Katika vijiji vingi vya Kisii na Nyamira nyumba zimesogea hadi ukingoni mwa barabara. Nchi ni ya vilima, watu ni wengi na mashamba ni madogo. Kwa hiyo lango la shule, kituo cha kupimia majani ya chai na soko la ndizi vyote hutazama lami. Wazazi wa huko wanaomba jambo moja, kwamba magari yapunguze mwendo yapitapo mahali hapo. Ombi hilo ni la haki. Yafaa kueleza sababu yake, na namna ya kulipeleka hata lisikilizwe.

Gari liendalo kilomita 80 kwa saa hupita mita 22 katika sekunde moja. Dereva amwonapo mtoto, yapata sekunde moja hupita kabla mguu wake haujakanyaga breki. Hata lami ikiwa kavu na breki zikiwa nzima, gari hilo halitasimama kabla ya kupita mita 58 hivi. Lakini likienda kilomita 50 litasimama katika mita 28. Basi mtoto avukaye mita 35 mbele ya gari la kwanza atagongwa, na mbele ya gari la pili atafika ng'ambo salama. Shirika la Afya Duniani limeeleza kwamba watu wazima waendao kwa miguu wakigongwa na gari la kilomita 50 kwa saa, hufa chini ya 20 katika kila 100. Kwa mwendo wa kilomita 80 hufa karibu 60.

Sheria ya Trafiki ya Kenya yataka magari yasizidi kilomita 50 kwa saa ndani ya mji au kituo cha biashara. Tena, kwa kanuni za Waziri John Michuki zilizoanza kutekelezwa Februari 2004, matatu na mabasi yalitiwa vidhibiti mwendo visivyoruhusu kupita kilomita 80. Hayo ni mema, ila kidhibiti hicho hakijui shule iko wapi. Dereva aweza kupita langoni kwa kilomita 80 nacho kikanyamaza.

Ndiyo maana ajali ikitokea, watu hukusanyika kwa uchungu wakarundika udongo na mawe katikati ya njia. Hasira yao naielewa. Lakini Sheria ya Barabara ya mwaka 2007 hairuhusu mtu kujenga kitu chochote barabarani pasipo ruhusa ya maandishi. Tena tuta la namna hiyo halina rangi wala kibao. Usiku mwenye pikipiki aliyempakia mgonjwa halioni mpaka amekwisha rushwa chini. Na kama tuta liko chini ya mteremko, kama ilivyo miteremko mingi ya Gusii, lori lililojaa mizigo hulifikia breki zake zikiwa zimekwisha pata moto, nazo hazishiki vizuri.

Fundi wa barabara hufanya vingine. Huweka kwanza vibao vya kuonya, kisha mistari midogo iliyoinuka inayotikisa gari, halafu ndipo tuta lenye kupakwa rangi. Huko Ghana, katika njia panda ya Suhum kwenye barabara kuu ya Accra kwenda Kumasi, mistari hiyo ilipowekwa ajali zilipungua kwa asilimia 35 hivi na vifo kwa asilimia 55.

Sasa, barua iandikwe kwa nani? Hapo ndipo maombi mengi hupotelea. Barabara kuu, kama ile itokayo Kisii kupitia Keroka kwenda Sotik, iko chini ya Mamlaka ya Barabara Kuu za Kitaifa, iitwayo KeNHA. Mji wa Keroka uko mpakani mwa kaunti mbili, lakini kwa barabara hiyo mpaka si neno. Mwenyewe ni yule yule pande zote mbili. Barabara za kaunti ni kazi ya serikali ya kaunti, kwa Jedwali la Nne la Katiba ya 2010. Iko pia mamlaka ya barabara za mashambani, KeRRA, iliyoundwa kwa sheria ile ya 2007. Asiyejua njia yake ni ya nani na aulize kwanza katika ofisi ya chifu au kwa mwakilishi wa wadi.

Barua isiseme tu kwamba magari yanakimbia. Itaje mahali hasa, kwa mfano hatua ngapi kutoka daraja fulani, na kama pana kona au mteremko. Iseme saa ambazo watoto huvuka asubuhi na jioni, na idadi yao. Mwalimu aweza kuwahesabu kwa siku tano. Ajali zilizopelekwa polisi zitajwe kwa tarehe na kwa nambari ya kitabu cha matukio. Watu watie sahihi, nakala moja ibaki shuleni, na atakayeipeleka ofisini asirudi kabla nakala hiyo haijagongwa muhuri wa kupokelewa.