Neno "Borrow" na Maana Yake

Leo nataka tuliangalie neno moja la Kiingereza, nalo ni "borrow". Watu wengi hulitumia, na wengi hulitumia kinyume.

Nilipokuwa mwanafunzi, mzee mmoja jirani yetu aliniomba nimwandikie barua karani aliyemkopesha shilingi 20. Nami, kwa kujiona hodari, nikaandika kwa Kiingereza: "I borrowed you 20 shillings." Jibu likaja upesi. Karani alishukuru kwamba mzee amekiri deni lake, akauliza atalipwa lini! Mzee akanitazama, akasema, "Mwanangu, kalamu yako imenigeuza mdeni." Ikatulazimu kuandika tena, nami niliona haya sana.

Kosa langu lilitoka wapi? Lilitoka katika Kiswahili chetu, maana neno "kuazima" lina pande mbili. Nikisema, "Nimeazima jembe kwa Juma," mimi ndimi niliyepewa. Nikisema, "Nimemwazima Juma jembe," mimi ndimi niliyetoa. Wajerumani nao wana neno "borgen", ndugu yake "borrow", nalo hutumika pande zote mbili. Waingereza hawafanyi hivyo. Apokeaye husema, "I borrowed a hoe from Juma." Atoaye husema, "I lent a hoe to Juma." Shikeni sana maneno hayo madogo: "borrow" hufuatana na "from", na "lend" hufuatana na "to".

Lakini liko jambo ambalo sisi twalipambanua, na Waingereza hawalipambanui. Jembe huazimwa, kwa kuwa litarudi lile lile. Fedha hukopwa, kwa kuwa zitarudi nyingine za thamani ile ile. Na kibaba cha unga ni vivyo hivyo. Kwao yote ni "borrow". Kiswahili chataka kujua kitakachorudi ni kitu gani; Kiingereza chataka kujua ni nani aliyetoa na ni nani aliyepokea.

Asili ya "borrow" ni neno la kale la Kiingereza lenye maana ya dhamana. Mwenye kuazima alikuwa ameweka dhamana kwamba atarudisha.

Basi, kabla hujaandika barua ya deni, jiulize kwanza: kitu kimetoka mkononi mwa nani? Ukiisha kujua hayo, andika.