Gurudumu la Baiskeli

Atazamaye gurudumu la baiskeli hustaajabu. Spoki zake ni nyuzi za chuma, nyembamba hata mtu aweza kuzipinda kwa mikono yake. Lakini gurudumu hilo hilo huchukua mtu mzima pamoja na gunia la mahindi. Nguvu hiyo yatoka wapi?

Haitoki katika spoki moja. Spoki ikisukumwa hupinda mara moja, bali ikivutwa ni imara sana. Kwa hiyo fundi hukaza spoki zote, kila moja ikiivuta ringi kuelekea kitovu. Za upande wa kuume huivuta kuume, na za kushoto huivuta kushoto. Nazo zikilingana, ringi hukaa katikati, wala haiyumbi.

Mwaka 1874 James Starley, wa mji wa Coventry katika Uingereza, alipata hati ya serikali kwa gurudumu ambalo spoki zake hazitoki kitovuni moja kwa moja, bali hulala upande na kupishana. Zikikaa hivyo, mnyororo uzungushapo kitovu cha nyuma, spoki huivuta ringi izunguke pamoja nacho. Baiskeli nyingi zingali zikitengenezwa kwa njia hiyo.

Gurudumu lenye spoki 36 lina 18 kila upande: 9 huelekea mbele na 9 nyuma. Mara nyingi kila spoki hupishana na tatu za upande wake. Ncha yake huingia katika nati ndogo iliyo katika tundu la ringi. Mwanzoni nati zote hukazwa kidogo kidogo, kwa kiasi kimoja. Akazaye moja mpaka mwisho kabla ya kuzigusa nyingine huipotosha ringi.

Kisha huja kazi ya kunyosha. Baiskeli hugeuzwa, kiti na usukani vikawa chini, na tairi huondolewa pamoja na mpira wa ndani. Fundi huegemeza mkono wake juu ya uma usitikisike, hushika chaki karibu na ringi, na kulizungusha gurudumu polepole. Chaki igusapo, hapo ndipo ringi ilipoegemea. Ikiwa imeegemea kuume, spoki za kushoto za mahali pale hukazwa, na za kuume hulegezwa kiasi hicho hicho: robo ya mzunguko wa nati, si zaidi. Kisha alama hufutwa, na gurudumu huzungushwa tena. Ikiwa ringi imetokeza nje mbali na kitovu, spoki za pande zote mbili hukazwa mahali pale. Ikiwa imeingia ndani, hulegezwa.

Fundi hodari hutumia sikio pia. Huzigusa spoki kwa ukucha na kusikiliza. Spoki za upande mmoja zapasa kutoa sauti moja: yenye sauti nzito imelegea, na yenye sauti nyembamba imekazwa mno. Mwisho, ncha zilizotokeza juu ya nati husuguliwa kwa tupa, na ringi huvikwa ukanda, mpira usije ukatobolewa.

Spoki moja ikikatika, wako wasemao, "Zimebaki thelathini na tano," nao huendelea na safari. Lakini zilizo jirani hubeba mzigo wake pamoja na mzigo wao wenyewe. Huchoka, nazo hukatika moja baada ya nyingine. Ringi huanza kuyumba na kugusa breki. Hata siku moja, baiskeli ikiteremka mlima na mtoto amepakiwa nyuma, gurudumu hukunjika ghafula. Kutia spoki moja ni kazi ya muda mfupi, na bei yake ni ndogo; mguu uliovunjika hauponi upesi hivyo. Usipoziba ufa, utajenga ukuta.