Italia yafunga mlango wa madaktari wa kukodi, nani atashika zamu?

Ilipofika tarehe 31 Julai 2025, hospitali za umma nchini Italia zilifungiwa mlango ambao kwa miaka kadhaa zilikuwa zikiutumia kila zilipokosa daktari. Kuanzia siku hiyo zilikatazwa kufunga mikataba mipya na makampuni na vyama vya ushirika vinavyopeleka madaktari wa kukodi kwa zamu. Mikataba iliyokwisha kutiwa saini iliachwa iendelee hadi muda wake umalizike. Waziri wa Afya, Orazio Schillaci, alishikilia kuwa hakuna kuongeza muda.

Madaktari hao Waitaliano huwaita "gettonisti". Jina linatokana na "gettone", ile sarafu ya bandia iliyokuwa ikitumbukizwa zamani katika simu za barabarani: unatumbukiza moja unazungumza, ikiisha unatumbukiza nyingine, huna nyingine simu inakatika. Wenzetu wa Dar es Salaam pengine wangewaita madeiwaka, kama yule dereva anayeshikiwa usukani wa daladala kwa siku moja tu. Daktari wa namna hii si mtumishi wa hospitali. Anatoka mji mwingine au hata mkoa mwingine, anashika zamu ya saa 12, hesabu yake inaandikwa, anaondoka. Kesho yuko hospitali nyingine na wagonjwa wengine, na yule aliyemlaza jana pengine hatamwona tena.

Wengi wetu tunaoishi hapa Uingereza hatuhitaji kuhadithiwa mambo ya ejensi. Tunajua simu inayolia saa kumi na moja alfajiri kuulizwa kama mtu anaweza kushika zamu ya leo, na tunajua pia kwamba anayelipwa zaidi kwa saa siye kila mara anayeijua wodi. Tofauti ni kwamba Italia jambo hili lilifika hadi kwa daktari bingwa: daktari wa kitengo cha dharura, wa usingizi, wa watoto, wa uzazi.

Hebu tujiulize, nchi yenye huduma ya afya ya taifa kwa wote tangu sheria namba 833 ya mwaka 1978 ilifikaje mahali pa kununua madaktari kwa zamu?

Jibu la haraka ni korona, na si uongo. Ugonjwa ulipolipuka Codogno, mkoani Lombardia, mwezi Februari 2020, hospitali zilihitaji watu usiku huo huo, na milango mingi ya kukodi ilifunguliwa wakati ule. Lakini mzizi wa jambo hili ni wa zamani zaidi, na kwa maoni yetu hapo ndipo penye kisa chenyewe.

Ili kubana matumizi, serikali ya Italia iliweka kikomo cha fedha ambazo huduma ya afya inaweza kutumia kwa watumishi. Kwa miaka mingi kikomo hicho kilikuwa ni gharama ya mwaka 2004 ikapunguzwa asilimia 1.4. Msomaji afikirie: mwaka 2015 hospitali ilikuwa bado inapimwa kwa mishahara ya mwaka 2004, tena pungufu. Mwaka 2019 kipimo kilisogezwa hadi gharama za mwaka 2018, na sheria ya mwaka 2024 kuhusu foleni za wagonjwa iliahidi kuleta kipimo kipya kitakachofuata mahitaji halisi. Wakati huo huo wazee walikuwa wakistaafu, na nafasi za kusomea ubingwa zilikuwa chache kuliko vijana waliohitimu udaktari.

Sasa tazama jinsi vitabu vya hesabu vilivyo na akili zake. Daktari aliyeajiriwa anaandikwa katika fungu la watumishi, na fungu hilo lina kikomo. Daktari aliyeletwa na kampuni anaandikwa katika fungu la ununuzi wa bidhaa na huduma, pamoja na chakula cha wagonjwa na usafi wa sakafu, na huko kikomo kile hakimgusi. Hivyo mkurugenzi wa hospitali aliyekatazwa kuajiri daktari mmoja kwa bei nafuu alikuwa na ruhusa ya kumnunua daktari yule yule kwa bei ghali. Tunasema yule yule kwa makusudi, maana madaktari wengi walianza kuacha kazi serikalini na kurudi kwa mlango wa kampuni. Mwenzao aliyebaki katika ajira alijikuta anafanya naye kazi meza moja, usiku mmoja, akilipwa sehemu ndogo tu ya alicholipwa mgeni, huku karatasi zote na lawama zikimbaki yeye.

Fedha zilizopita njia hiyo si haba. Mamlaka ya kupambana na rushwa ya Italia, ANAC, ilihesabu takriban euro bilioni 1.7 kwa madaktari na wauguzi wa kukodi kati ya mwaka 2019 na 2023.

Na si fedha peke yake. Mwishoni mwa mwaka 2022 kikosi cha afya cha askari wa Carabinieri kilifanya ukaguzi nchi nzima. Kilikuta baadhi ya waliopelekwa kazini wamepita umri wa miaka 70, na wengine hawakuwa na ubingwa uliotakiwa katika idara walizopangiwa. Lipo pia suala la usingizi. Daktari aliyeajiriwa analindwa na sheria ya Ulaya inayotaka apumzike saa 11 katika kila saa 24, na Italia inaitumia kwa madaktari wake tangu Novemba 2015. Daktari wa kukodi anahesabiwa kuwa amejiajiri mwenyewe. Akitoka zamu ya usiku hospitali moja na kuingia ya mchana hospitali nyingine, nani anayemhesabia? Mgonjwa aliyelala mbele yake hana namna ya kujua.

Hatua ya kwanza ya kuzuia ilikuja na amri ya serikali ya Machi 2023, iliyopitishwa na bunge mwezi Mei kuwa sheria namba 56. Kifungu cha 10 kiliruhusu kukodi pale tu penye dharura ya kweli, mara moja tu, kwa muda usiozidi miezi 12, na baada ya hospitali kuthibitisha kwamba haiwezi kuwatumia watumishi wake wala kuajiri kutoka orodha za waliofaulu usaili. Sharti kali zaidi lilimlenga daktari mwenyewe: anayejiuzulu kazi ya serikali kwa hiari na kwenda kwenye kampuni hizo hawezi kurudi tena katika ajira ya huduma ya taifa. Kisha mwaka 2024 wizara ikapanga bei: euro 85 kwa saa kwa daktari wa dharura na wa usingizi, euro 75 kwa madaktari wengine, na euro 28 au 25 kwa muuguzi. Piga hesabu, hata kwa bei hiyo iliyobanwa zamu moja ya saa 12 katika kitengo cha dharura inafika euro 1,020.

Sisi tunaona serikali ilifanya sawa kufunga mlango huu. Lakini mlango ulifungwa na serikali ile ile ambayo kikomo chake ndicho kilichoufungua, na wanaobaki nje si makampuni. Ni hospitali ndogo za mabondeni na milimani, ambazo daktari bingwa hataki kuhamia na familia yake, na ambako kukosa watu watatu ni kufunga kitengo kizima.

Mkoa wa Calabria, kusini kabisa, haukungoja. Agosti 2022 rais wa mkoa, Roberto Occhiuto, alitia saini makubaliano ya kuleta madaktari hadi 497 kutoka Cuba, na 51 wa kwanza walifika Desemba mwaka huo wakapelekwa hospitali za akina Polistena na Locri. Kaskazini, Lombardia iliamua kuyaruka makampuni na kuingia mikataba moja kwa moja na daktari mmoja mmoja. Hilo linaondoa faida ya dalali, lakini daktari mwenyewe bado ni wa zamu.

Kuajiri nako kunahitaji mtu wa kuajiriwa. Katika miaka ya 2022 na 2023 zaidi ya nusu ya nafasi za kusomea ubingwa wa tiba ya dharura zilibaki bila mtu. Vijana wanaona usiku, wanaona kutukanwa na hata kupigwa na ndugu wa wagonjwa, wanaona kwamba fani hiyo haina kliniki binafsi ya kujiongezea kipato jioni, na wanachagua magonjwa ya ngozi.

Hapa Uingereza nako dawa zinafanana. Uingereza iliweka bei ya juu kabisa kwa wafanyakazi wa ejensi tangu Novemba 2015, na Novemba 2024 Waziri wa Afya Wes Streeting alipendekeza kuwazuia watumishi wanaojiuzulu na kurudi mara moja kupitia ejensi. Mwenye kutaka kujua mapendekezo hayo yatazaa nini anaweza kuitazama Italia mikataba ya mwisho inapomalizika, hospitali moja baada ya nyingine, na kuangalia ni majina gani yanayoandikwa kwenye orodha ya zamu za usiku.