Ukiambiwa 'koma' Kinanie, usikasirike

Jioni moja mwanangu wa miaka sita aliingia nyumbani akilia. Hata mwezi ulikuwa haujaisha tangu tuhame Nairobi kuja Kinanie, kaunti ya Machakos. Alidai nyanya wa jirani, aliyekuwa amempa embe muda mfupi tu uliopita, amemkaripia bure: "Koma!"

Nilitoka nimefura, tayari kuuliza kulikoni. Bahati nzuri, langoni nilimkuta binti wa nyanya huyo. Aliponisikiza, alicheka hadi akashika ukuta. Mama yake alikuwa amesema "Koma nesa", yaani lala salama!

Ndugu msomaji, Kikamba na Kiswahili ni ndugu, na hapo ndipo mgeni anaponaswa. Ukiitwa "Ũka vaa", hujaambiwa uvae chochote. Ni njoo hapa. Ukimsalimu mtu "Wakya?" naye akajibu "Aa", usidhani amekataa salamu yako. Jibu ndilo hilo. Salamu yenyewe imetokana na kukucha, na wakiwa wengi utasema "Mwakya?"

Ukitaka iliyo nyepesi zaidi, uliza "Wĩ mũseo?", hujambo? Ukiulizwa wewe, jibu "Nĩ mũseo". Asante ni "Nĩ mũvea". Ikiwa nyingi, ongeza "mũno". Mama huitwa "mwaĩtũ". Ile ĩ yenye alama hukaribia e, na ũ hukaribia o. Ulimi ukiwa mzito, fungulia redio Musyi FM uwe ukisikiza unapopika. Jina hilo lenyewe ni somo: mũsyĩ ni nyumbani.

Wapo watakaosema Kinanie kila mtu anajua Kiswahili, ya nini kujisumbua? Ni kweli, mwenye duka, fundi na mwendesha bodaboda watakuelewa. Lakini wengi wetu tunaonunua ploti huku huondoka alfajiri kwenda kazini mjini na kurudi usiku. Anayejua mtoto wako ameanguka, au mgeni asiyejulikana amebisha langoni, ni yule nyanya. Kiswahili chake ni cha sokoni. Ya moyoni huyasema kwa Kikamba. Sensa ya 2019 ilihesabu Wakamba zaidi ya milioni 4.6, nami nilikuwa nimeishi nao Nairobi miaka yote bila kujua hata kushukuru.

Siku hizi mwanangu ndiye humwahi nyanya. Giza likiingia, husimama uani na kupaza sauti, "Mwaĩtũ, koma nesa!" Wageni wetu kutoka mjini hushtuka, wakanitazama mimi kwanza.