Kambale: Namna ya Kumkamata na Kutofautisha Dume na Jike

Tulipotembelea kikundi kimoja cha wafugaji wa samaki parokiani, tulikuta wanachama wamekata tamaa. Walikuwa wamenunua kambale wakubwa kutoka kwa wavuvi wa mtoni, wakawaweka bwawani kama wazazi, wakawalisha mwaka mzima wakisubiri vifaranga. Hawakupata hata kifaranga kimoja. Baadhi walishaanza kusema bwawa lina mkosi, na mweka hazina alikuwa akiulizwa fedha zimekwenda wapi. Tulipowavua samaki hao na kuwageuza mmoja mmoja, wote walikuwa madume. Kosa lilikuwa letu pia: tuliwafundisha kuchimba bwawa, hatukuwafundisha kumtambua mzazi. Ndiyo maana tunaeleza hapa kwa faida ya vikundi vyote.

Kumkamata

Siku moja kabla ya kuvua, acheni kuwalisha. Kazi ifanyike asubuhi na mapema, kabla jua halijawa kali. Punguzeni maji ya bwawa, kisha watu wawili au zaidi wavute wavu wa kukokota taratibu, kamba ya chini ikigusa tope, kwani kambale hupenda kujificha humo.

Kambale hana magamba na mwili wake una utelezi, hivyo msimshike mkiani. Mfunikeni kichwa kwa kitambaa kilicholowa. Akikosa kuona hutulia. Jihadharini na mwiba mgumu ulio kwenye kila pezi la kifuani, maana huchoma vibaya. Samaki huyu huweza kuvuta hewa ya kawaida, hivyo hustahimili kukaa nje ya maji kwa muda ngozi yake ikiwa na unyevu, lakini asiachwe juani. Beseni lifunikwe kwa wavu, kwa sababu huruka.

Dume na jike

Mlazeni chali juu ya kitambaa kilicholowa. Tazameni nyuma ya tundu la haja, kabla ya pezi refu la chini. Hapo pana kijinyama.

Kwa dume, kijinyama hicho ni kirefu, kimechongoka na kimeelekea mkiani.

Kwa jike, ni kifupi, cha mviringo na kina mwanya katikati. Akikaribia kutaga huvimba na kuwa chekundu, na tumbo huwa kubwa na laini. Mkilibonyeza polepole kuelekea mkiani, mayai machache hutoka.

Tumbo peke yake lisiwadanganye. Hata dume aliyeshiba huwa na tumbo kubwa. Kwa vifaranga, tofauti hii ni vigumu kuiona. Mkishawatambua, wawekeni madume mbali na majike, na msiwarundike, kwa kuwa madume hujeruhiana.

Dume na jike peke yao hawatoshi

Hata kama kikundi kile kingekuwa na majike, huenda kisingepata vifaranga. Porini, kwa mfano katika Bonde la Kilombero, kambale hutaga wakati wa masika, mito inapofurika na maji kufunika majani. Katika bwawa lililotulia kwa kawaida hatagi. Mtaalamu humchoma jike sindano ya homoni, kisha humkamua mayai na kuyachanganya na mbegu ya dume. Jike huweza kupona na kurudishwa bwawani. Dume hakamuliki, kwa kawaida huchinjwa ili mbegu yake ipatikane. Hivyo kila uzalishaji una gharama ya dume, na gharama hiyo iwekwe kwenye bajeti tangu mwanzo.

Ombi letu

Tunaziomba kamati za parokia, kabla ya kuidhinisha ununuzi wa kambale wazazi, ziulize mambo mawili: nani amewakagua samaki hao, na nani atakayewazalisha? Majibu yakikosekana, ni afadhali kikundi kinunue vifaranga kutoka kwenye kituo cha kuzalishia na kuwakuza kwa ajili ya kitoweo na soko.

Tunawaomba wafadhili wetu wakumbuke kwamba siku mbili za mafunzo kando ya bwawa zaweza kuokoa jasho la mwaka mzima. Kikundi tulichokitaja sasa kinakuza vifaranga vya kununua, na mweka hazina wake yupo bado kazini. Hilo nalo tunamshukuru Mungu.