Malezi ya Raia katika Ugiriki ya Kale: Tuyasomeje Maandishi ya Werner Jaeger?

Neno "shule" tulilirithi kutoka kwa Wajerumani walioitawala Tanganyika. Ndugu zetu wa Zanzibar husema "skuli", nalo limetoka kwa Waingereza. Maneno yote mawili yana babu mmoja, yaani neno la Kigiriki skhole. Kwa Wagiriki wa kale neno hilo halikuwa na maana ya jengo wala ya kusoma. Lilikuwa na maana ya nafasi: wakati alio nao mtu asiyelazimika kufanya kazi ili apate kula. Tunaanza na neno hili kwa makusudi. Nani alikuwa na nafasi, na aliipata kwa jasho la nani? Mwanachuoni tunayemjadili katika makala hii hakuliuliza swali hilo vya kutosha.

Mwanachuoni huyo ni Werner Jaeger, aliyezaliwa Lobberich, Ujerumani, mwaka 1888. Mwaka 1921 alipewa kiti cha uprofesa katika Chuo Kikuu cha Berlin, kiti kilichokuwa cha Wilamowitz, bingwa wa lugha za kale aliyeheshimiwa kuliko wote wa zama zake. Mwaka 1923 alitoa kitabu juu ya Aristotle kilichowafanya wataalamu waone kwamba fikra za mwanafalsafa huyo zilikua hatua kwa hatua, wala hazikutoka kichwani mwake zikiwa zimekamilika. Lakini kazi iliyolipeleka jina lake mbali ni Paideia, kitabu cha juzuu tatu, ambacho juzuu lake la kwanza lilitoka mwaka 1934.

Paideia ni nini? Tukisema ni elimu, tumepunguza. Ni malezi ya mtoto, ni mafunzo, ni adabu, ni utamaduni ambao taifa zima linaurithisha kwa kizazi kipya, vyote pamoja katika neno moja. Hoja kubwa ya Jaeger ni kwamba elimu si jambo la mtu binafsi. Jamii ndiyo inayoelimisha, na inaelimisha kwa sheria zake, kwa mashairi yake, kwa michezo yake ya kuigiza na kwa mambo inayoyasifu na kuyalaani, hata mahali pasipo na darasa. Hapo hatuna ugomvi naye. Kada yeyote aliyewahi kuendesha darasa la siasa anajua kwamba yanayotendeka nje ya darasa hufundisha kwa sauti kubwa zaidi.

Jaeger aanza na Homer, mshairi wa mabwana, ambaye kwake fadhila, ambayo Wagiriki waliiita arete, ni ya shujaa wa vita mwenye ukoo na mali. Halafu aja kwa Hesiod, mkulima wa Boiotia, aliyeimba kazi ya shamba, majira ya kulima, na wakubwa wala rushwa wanaopotosha hukumu. Sura hii ni miongoni mwa zilizo bora katika juzuu la kwanza. Humo twaona fadhila ya aina nyingine ikizaliwa, fadhila ya kazi na haki, iliyo ngeni kwa mashujaa wa Homer. Kutoka hapo afika kwa Solon wa Athens, ambaye mwaka 594 K.K. alifuta madeni yaliyokuwa yakiwafanya wakulima watumwa wa wadai wao. Solon aliwaambia wananchi wenzake kwamba maangamizi ya mji hayaletwi na miungu, bali yanaletwa na uroho wa watu wenyewe. Jaeger aeleza vizuri kwamba hapa binadamu anaanza kuuona udhalimu kama chanzo kinacholeta matokeo yake, kama vile wingu linavyoleta mvua.

Sasa tuseme wapi tunatofautiana naye. Jaeger alikuwa mdhanifu. Kwake utamaduni wa juu hauna budi kuchipuka kutoka kwa tabaka la mabwana, kisha husambaa kidogo kidogo mpaka uwe mali ya wote. Kwamba mabwana hao walikula kwa kazi ya wengine halimsumbui sana. Tuchukue mfano mmoja. Xenophon, mwandishi wa Athens, asimulia kwamba Nicias, jemadari na tajiri, alikuwa na watumwa 1,000 aliowakodisha katika machimbo ya fedha, naye alipata oboli moja kwa kila mtu kwa siku. Oboli sita ni drakma moja. Basi Nicias aliamka kila asubuhi akiwa na drakma zaidi ya 166 ambazo hakuzitolea jasho hata tone. Fedha ya machimbo ya Laurion ilijenga merikebu za Athens, ikaijaza hazina ya mji uleule ambao mashairi yake tunayasifu. Watumwa wale, pamoja na wanawake na wageni, hawakuhesabiwa katika paideia. Aristotle alifika hata kufundisha kwamba wako watu ambao kwa maumbile yao ni watumwa. Hakuwa mjinga, aliishi katika mfumo wa utumwa, akautafutia sababu.

Udhaifu huu wa nadharia ulimfikisha Jaeger mahali pabaya. Miaka ya 1920 aliongoza harakati iliyoitwa Ubinadamu wa Tatu, akidai kwamba Wajerumani watainuka tena wakiufufua moyo wa Wagiriki na kumlea mtu kwa ajili ya dola. Dola gani, ya tabaka gani? Hakusema. Hitler alipotwaa madaraka mwaka 1933, Jaeger aliandika makala juu ya malezi ya mtu wa siasa katika jarida la Ernst Krieck, mwanaitikadi wa elimu wa Wanazi, akijaribu kuonyesha kwamba mafunzo ya kale yangeufaa utawala mpya. Wanazi hawakumjali. Mwaka 1935 mwanachuoni mwenzake, Bruno Snell, alikihakiki kitabu chake akaona kasoro hiyohiyo: siasa isiyo na maudhui yake yenyewe yaweza kutumikia siasa yoyote. Mwaka 1936 Jaeger, ambaye mkewe alikuwa wa asili ya Kiyahudi, aliihama nchi yake akaenda Chicago, na mwaka 1939 akahamia Harvard. Hatusemi alikuwa Nazi. Twasema alitaka raia alelewe kwa ajili ya dola, bila kuuliza kwanza dola hiyo inamfanyia nini raia.

Kitabu chake juu ya teolojia ya wanafalsafa wa kwanza wa Kigiriki, kilichotolewa mwaka 1947 kutokana na mihadhara aliyoitoa St Andrews, Scotland, mwaka 1936, twakiona ni cha manufaa zaidi kuliko wengi wanavyodhani. Wataalamu waliomtangulia walisema wanafalsafa hao walikuwa watu wa sayansi tu, na neno "mungu" vinywani mwao halikuwa na uzito. Jaeger akataa. Aonyesha kwamba walipochunguza maada ya ulimwengu walikuwa pia wakitafuta nini hasa kistahili kuitwa cha kimungu. Xenophanes aliwacheka watu wanaoiumba miungu kwa sura zao: Waethiopia wana miungu weusi, Wathrakia wana miungu wenye nywele nyekundu, na ng'ombe kama wangekuwa na mikono wangechora miungu ng'ombe. Hata hivyo hakuishia kukana. Alisema yupo mungu mmoja asiyefanana na binadamu kwa mwili wala kwa fikra.

Kuhusu Anaximander, Jaeger asema kwamba alipoeleza jinsi vitu vinavyozaliwa na kuangamia, alivifikiria kama wadaawa mbele ya hakimu, kila kimoja kikilipa fidia kwa mwenzake. Yaani haki ya baraza la mji ilipandishwa ikawa sheria ya ulimwengu wote. Ndugu msomaji, tazama: mdhanifu huyu, bila kukusudia, ametupa ushahidi kwamba fikra za binadamu juu ya mbingu hutoka katika maisha yake ya kijamii hapa chini!

Tena Jaeger akumbusha kwamba neno "teolojia" lenyewe laonekana kwa mara ya kwanza katika kitabu cha pili cha Jamhuri ya Plato. Limetokea katika mjadala wa malezi, pale wanapojadili hadithi zipi juu ya miungu zisimuliwe kwa watoto watakaokuwa walinzi wa dola, na zipi zipigwe marufuku.

Miaka yake ya mwisho Jaeger aliitumia kufuatilia jinsi paideia ilivyoingia katika Ukristo, na mwaka 1961, mwaka aliofariki, alitoa kitabu kidogo juu ya jambo hilo. Tangu zamani pia alikuwa akisimamia uchapishaji wa maandishi yote ya Gregory wa Nyssa, askofu wa karne ya 4 aliyesomea elimu ya Kigiriki. Humo imo hotuba ya nne ya Gregory juu ya kitabu cha Mhubiri. Katika hotuba hiyo askofu awageukia wenye watumwa na kuwauliza kwa bei gani wamemnunua mtu aliyeumbwa kwa mfano wa Mungu, na ni nani aliyewauzia.