Mshale wa Konokono

Nyumba nyingi hapa Kitui zina kombe la baharini kabatini, karibu na vikombe vya wageni. Limeletwa na mjomba aliyefanya kazi Mombasa, au mtoto aliyekwenda ziara ya shule. La nyumbani kwetu lina umbo la pia, na limejaa vipembetatu vyeupe vilivyozungushiwa mistari ya kahawia, kama mahema yaliyobanana. Konokono aliyeishi ndani ya kombe hilo aliitwa Conus textile.

Jenasi ya Conus ina mamia ya spishi, na zote ni za wawindaji. Wengi hula minyoo, huyu wetu hula konokono wenzake, na wachache huvua samaki. Konokono hawezi kukimbiza windo, kwa hiyo humrushia mshale. Jino lake lina tundu ndani kama sindano, na ncha yake ina vigumba. Hulishika kwenye ncha ya mrija unaotoka mdomoni, akachoma na kusukuma sumu. Kila jino hutumika mara moja. Mengine yamo akibani.

Mkamba hahitaji kuelezwa mshale wa sumu. Babu zetu waliangusha ndovu kwa sumu ya mti wa msunguti iliyochemshwa mpaka ikawa nyeusi na nzito. Sumu hiyo husimamisha moyo. Ya konokono hukata mawasiliano ya neva, misuli ikalegea, hata ile ya kupumua. Na kama msunguti ulivyowapa madaktari wa Ulaya dawa ya moyo, sumu ya konokono mwingine wa jenasi hii, Conus magus, imezaa zikonotaidi, dawa ya maumivu makali iliyoidhinishwa Marekani mwaka 2004. Huingizwa kwenye maji ya uti wa mgongo, na si jamii ya mofini. Mimi huona hilo ni jambo kubwa kuliko uzuri wote wa kombe.

Anayenitia hofu zaidi ni Conus geographus, mla samaki aliyemo pia katika bahari yetu. Ameshaua watu, na sumu yake haina kiuasumu. Mrija wake hurefuka na kupinda, hivyo hakuna upande salama wa kumshika. Walimu, maji yakipwa waambieni watoto wasiokote kombe lolote la umbo la pia, wala wasilitie mfukoni. Aliyechomwa alazwe, kiungo kisichezeshwe, akimbizwe hospitali. Pumzi ikikatika, apuliziwe mdomoni bila kuchoka njia nzima; sumu huisha nguvu baada ya saa kadhaa, na moyo wake huenda bado unapiga.